Maua ya Porini Chini ya Mwembe



Mkulima akiandika, watu hutazamia habari za mahindi, za mihogo, au za kuku wanaotaga vizuri. Leo twaomba ruhusa yenu tuwaletee habari ya kitu kisicholiwa, nacho ni maua. Tena si maua yale yanunuliwayo mjini, bali yale ya porini, ambayo Mungu aliyapanda mwenyewe, na ambayo sisi watu wa Likasi tumezoea kuyakanyaga tukienda kutafuta uyoga na kuni. Labda mtauliza: Faida yake ni nini? Tusomeni mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

Nyumba yetu iko Kikula. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja kidogo, na katikati ya kiwanja hicho umesimama mwembe mkubwa. Marehemu baba aliupanda siku zile mji wetu ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, kabla ya mwaka 1966. Mwembe huo umetulisha, umetufunika wakati wa jua la Oktoba, na watoto wote wa nyumba hii wamepanda matawi yake. Lakini mtu wa bustani ana shida nao. Asubuhi jua huingia upande wa mashariki kwa muda wa saa tatu hivi. Baadaye kivuli huifunika karibu nusu ya kiwanja mpaka alasiri. Tulijaribu nyanya hapo, zikarefuka bila kuzaa. Tulijaribu maua ya zinia, yakawa membamba kama watu waliotoka hospitali. Mwishowe tulipaacha mahali pale pawe pa kuku na pa kutupa majivu.

Sasa tuwaambie habari ya mama.

Porini kwetu kuna ua moto kweli kweli. Mvua za kwanza zikinyesha, katika mwezi wa Oktoba au Novemba, shina moja nene hutoka ardhini, na juu yake kuna mpira mwekundu uliofanywa kwa maua madogo mengi sana, kila moja jembamba kama uzi. Ukubwa wake ni kama kichwa cha mtoto mchanga. Wataalamu wa mimea huliita Scadoxus multiflorus. Mama hakulijua jina hilo. Yeye aliliita tu “ua la baba yenu”, kwa sababu kila mwaka, siku ya kuwaombea Marehemu wote, tarehe 2 Novemba, alilipeleka kaburini kwa baba. Alilitafuta porini, upande wa barabara ya Kambove, akarudi na miguu yenye udongo mwekundu. Mwaka ambao mvua zilichelewa, alichukua tawi la majani mabichi, akamwambia baba, kama mtu aombaye radhi, kwamba ua lake bado linalala.

Wakati huo makaburini watu walikuwa wameanza kuleta maua ya plastiki. Mama hakuyapenda. Siku moja alituambia akicheka: “Mimi nikifa, msiniletee maua ya plastiki. Yale hayafi. Na kisichokufa kitafufuka namna gani?” Sisi tulicheka pamoja naye. Aliaga dunia mwezi wa Agosti mwaka 2017, akiwa amepokea sakramenti zote.

Novemba ya mwaka ule tulishika njia ya mama. Kumbe njia ilikuwepo, lakini pori halikuwepo. Miti ilikuwa imekatwa, na mahali pengi tuliona duara jeusi la tanuru ya makala, na visiki vilivyoanza kuchipuka. Tulitembea asubuhi nzima. Mwishowe tuliona kichuguu kikubwa, kimojawapo cha vile vichuguu virefu kuliko nyumba ambavyo ni sifa ya nchi yetu ya Katanga. Wakata miti walikuwa wameacha miti michache juu yake, na chini ya miti hiyo palikuwa na mipira myekundu kama kumi na mitano. Tulifurahi kama watu waliookota fedha.

Hapo tulifanya kosa la kwanza. Tulichukua jembe, tukachimba sita pamoja na vitunguu vyake, tukaenda kuvipanda juu ya kaburi la mama, penye jua kali na kokoto, tukavimwagilia maji mengi. Juma lile makaburi yalipendeza. Juma la pili maua yalilala. Novemba ya mwaka 2018 hakikutoka hata kimoja. Tulifukua kidogo kwa kidole, tukakuta maganda matupu. Na kwa kuwa ilikuwa tarehe 2 Novemba, na mikono ilikuwa mitupu, tulinunua ua la plastiki langoni, tukaliweka mbele ya msalaba wa mama. Hatukuweza kuutazama msalaba ule vizuri.

Baada ya Misa tulimsimulia habari hiyo Baba Katekista, mzee ambaye amewafundisha watu wengi wa parokia yetu, na ambaye alizaliwa kijijini, si mjini. Alitusikiliza, akatikisa kichwa.

“Wanangu,” alisema, “mlipompeleka mgeni yule kaburini, mlimwuliza amezoea kulala wapi?”

Tulinyamaza.

“Ua lile ni mtoto wa kivuli. Ninyi mmelitoa chini ya miti, mkaliweka juani. Tena mmelitoa likiwa limebeba mimba. Mama mjamzito hahamishwi usiku. Liacheni mama mahali pake. Ngojeni azae, kisha muombeni mtoto mmoja au wawili.”

“Baba, tuwapeleke wapi watoto hao?”

“Ninyi si mna mwembe?”

Basi, wasomaji, hivi ndivyo kivuli tulichokilaani kilivyogeuka kuwa shamba letu. Mambo tuliyojifunza ni haya.

Jambo la kwanza: ujue kivuli chako kabla ya kupanda. Kuna kivuli na kivuli. Tulichukua vijiti, tukavichomeka chini, na siku moja ya jua tukaangalia kila saa ni kijiti gani kina jua na kipi hakina. Tuliona kwamba karibu na shina la mwembe ni giza siku nzima, na udongo ni mkavu hata wakati wa mvua, kwa sababu mizizi ya mwembe hunywa yote. Hapo tuliacha. Lakini ukienda hatua nne au tano kutoka shinani, upande wa mashariki, jua la asubuhi huingia, na la mchana huzuiliwa. Mahali hapo pafanana na ukingo wa pori. Kando kabisa, karibu na ukuta, jua hukaa zaidi ya nusu ya siku. Kumbe kiwanja kimoja kilikuwa na nchi tatu ndani yake, na sisi tulikuwa tukizitendea zote sawasawa.

Jambo la pili: udongo. Porini maua haya huota katika majani yaliyooza. Tulikusanya majani ya mwembe, tukayarundika kwenye kona, tukayageuza na kuyalowesha, mpaka baada ya mwaka mmoja yakawa meusi na laini. Tulichukua karai moja ya majani hayo, karai moja ya mchanga wa mtoni, na karai moja ya udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa. Udongo wa kichuguu una nguvu, lakini ukiwa peke yake hushikamana kama tofali. Ndiyo sababu ya mchanga. Mbolea ya kuku hatukutia. Maua ya porini hayakuzoea karamu.

Jambo la tatu: mbegu. Mwezi wa Machi mwaka 2019 tulirudi kwenye kile kichuguu pamoja na Baba Katekista. Ile mipira myekundu ilikuwa imegeuka kuwa vichala vya matunda madogo, nayo mekundu. Mzee alitukataza kuchuma yote. “Ndege nao wana fungu lao,” alisema, “na pori lina fungu lake.” Tulichukua matunda thelathini. Nyumbani tuliondoa nyama ya tunda kwa vidole, tukaziosha mbegu, tukazipanda siku ileile, maana mbegu hizi hazipendi kukaushwa na kuwekwa kama maharagwe. Usizifukie chini. Zikandamize tu juu ya udongo mpaka nusu yake izame, nusu ionekane. Tulitumia makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, tukayaweka penye kivuli, tukanyunyizia maji kidogo.

Baada ya majuma machache, kila mbegu ilitoa kamba nyeupe iliyoingia udongoni. Tulingoja jani. Jani halikuja. Mei ikapita, Juni ikapita na baridi yake ya usiku, na makopo yalionekana kama yamejaa udongo tu. Tulitaka kuyamwaga. Lakini chini, bila sisi kuona, kamba ile ilikuwa ikivimba na kuwa kitunguu kidogo kama punje ya mbaazi.

Hapo ndipo lilipotokea kosa la pili, nalo lilitokana na huruma. Wakati wa kiangazi, mtu mmoja wa nyumba yetu aliyaona makopo yamekauka, akayahurumia, akayamwagilia kila jioni kwa muda wa majuma mawili. Vitunguu kumi na kimoja vilioza. Porini, kuanzia Mei mpaka Septemba, hainyeshi. Mmea umelala, na aliyelala halishwi kwa nguvu. Tangu siku ile tumeandika kwa chaki juu ya ukuta: WAMELALA. Mvua ya kwanza ndiyo ruhusa ya kumwagilia.

Novemba ya mwaka 2019 majani ya kwanza yalitoka, moja moja. Tulihesabu kumi na manne. Tangu hapo kazi yetu ilikuwa kungoja. Watu waliotembelea nyumba yetu waliuliza, “Mmepanda nini hapo?” Tukajibu, “Maua.” Mwaka uliofuata wakauliza tena, tukajibu vilevile, nao wakacheka. Ua hili likizaliwa kwa mbegu hukaa miaka mitatu, minne, pengine mitano, kabla halijachanua. Kila mwaka huongeza jani, kisha hulala, kisha huongeza jani jingine. Jirani mmoja alitushauri tulitafutie dawa ya kulikimbiza. Tukakumbuka kwamba Bwana wetu alipofundisha habari za mbegu, alisema juu ya mtu anayelala na kuamka usiku na mchana, na mbegu inaota yeye asijue namna gani. Mtu yule hakusifiwa kwa maarifa yake. Alifanya vema kwa kuwa hakuifukua.

Tulipokuwa tukingoja tulijaribu mengine, nayo yatawafaa ninyi msiopenda kungoja sana.

Kuna ua lipandalo juu ya vichaka, lenye rangi ya moto, jekundu na manjano, na petali zake zimegeuka kwenda juu kama ndimi za moto. Ncha za majani yake hujikunja na kushika tawi kama kidole cha mtoto. Hilo ni Gloriosa superba. Hupenda miguu iwe kivulini na kichwa kiwe juani, kwa hiyo tulilipanda ukingoni mwa kivuli. Mbegu zake ni ngumu. Tulizihifadhi kavu tangu Aprili, tukaziloweka usiku mmoja katika maji ya uvuguvugu mwezi wa Oktoba, tukazifukia kwa kina cha kidole kimoja kilicholazwa. Nyingine ziliota baada ya miezi mitatu, nyingine zililala mpaka mvua za mwaka wa pili. Kwa hiyo msiharakishe kuutupa udongo wa makopo. Lakini twawaonya sana, hasa akina mama wenye watoto: ua hili ni sumu, na kiazi chake kilichomo ardhini ni sumu inayoua. Kinaweza kudhaniwa kuwa kiazi cha kula. Msilipande karibu na viazi vitamu, wala msiwaache watoto kuchezea mbegu zake nyekundu. Na lile la mpira mwekundu nalo lina sumu katika kitunguu chake. Sisi tumewafundisha watoto wetu kwa maneno manne tu: Haya ni ya macho.

Kwenye ukuta, penye jua la zaidi ya nusu ya siku, tulipanda Gladiolus dalenii, ua refu kama upanga, lenye rangi ya machungwa. Mbegu zake ni nyembamba, zina ubawa kama karatasi, na upepo huzipeperusha. Hizi ni rahisi: zitawanye juu ya udongo mwanzoni mwa mvua, uzifunike kwa mchanga kidogo, nazo huota baada ya majuma machache. Jani lake la kwanza ni kama jani la nyasi, na sisi wenyewe tuliwahi kuling’oa tukidhani ni gugu. Sasa tunaweka kijiti kwenye kila mstari. Mwaka wa tatu yalichanua, na ndege wadogo waitwao chozi wakaja kunywa humo.

Lakini si kila mtoto wa pori atakubali kukaa kwako. Ninyi mkaao Likasi mnajua vile vilima vya shaba ambavyo havina miti. Shaba iliyomo udongoni huizuia miti kuota, lakini majani na maua fulani yameizoea. Miaka ya 1950 na 1960 mtaalamu wa Ubelgiji, Paul Duvigneaud, aliandika mengi juu ya mimea hiyo ya Katanga. Mmojawapo huitwa Haumaniastrum katangense, nao hujulikana kama ua la shaba. Wachunguzi wa mambo ya kale wameufuata mmea huo, na mahali ulipoota kwa wingi wamekuta matanuru ya wahenga wetu, waliofua shaba na kutengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Jambo hilo lilitupendeza mno, tukataka ua la shaba liwe kwetu. Tulizipanda mbegu zake katika udongo wetu mzuri, mweusi, chini ya kivuli. Ziliota upesi, na kabla ya mwezi kwisha miche yote ilikuwa imeoza shingo na kulala. Tulilipa chakula kizuri ua lililozoea sumu, na kivuli ua lililozoea jua. Tuliliacha lirudi kwenye vilima vyake. Kupenda kitu si sababu ya kutosha ya kukichukua.

Vivyo hivyo orkidi za porini, zile ambazo viazi vyake hutwangwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga, tukapata chikanda. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na haziwezi kuanza maisha bila kuvu fulani iliyomo udongoni. Mtu akitaka kuzipanda katika kopo atapoteza bure kazi yake. Na kwa kuwa watu huchimba viazi vyake kila mwaka wala hakuna awezaye kuvirudisha kwa urahisi, anayekula chikanda afikiri kidogo kabla ya kununua sahani ya pili. Twasema hivi sisi tunaokipenda.

Sasa tufike kwenye jambo lililo gumu kuliko mbegu zote.

Siku ile ya mwaka 2017 tuliporudi kutoka porini, tulikuwa na hasira juu ya wachoma makala. Tulisema maneno makali njiani. Tulipofika nyumbani, chai ilikuwa tayari, na jiko lilikuwa likiwaka vizuri. Mmoja wetu akatazama gunia lililosimama karibu na mlango, akauliza polepole: “Na haya yametoka wapi?” Hakuna aliyejibu. Nyumba yetu ilikuwa ikitumia magunia mawili kwa mwezi. Jiko letu ndilo lililokula ua la baba, nasi tulikuwa tukiwatukana wale waliolipika kwa ajili yetu.

Hatukuweza kuacha makala kabisa, wala hatutaki kujisifu hapa. Umeme hukatika, na watoto lazima wale. Lakini tulinunua jiko la udongo lenye kushika moto, tukajifunza kuloweka maharagwe tangu jioni na kufunika sufuria kwa blanketi kuukuu, na sasa gunia moja latosha mwezi. Ni jambo dogo. Walakini twaona kwamba mtu anayepanda maua ya porini nyuma ya nyumba na huku anaunguza pori mbele ya nyumba amefanya kazi ya mkono mmoja tu.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alitukumbusha jambo moja juu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi: aliomba katika bustani ya konventi sehemu fulani iachwe siku zote bila kulimwa, ili maua na majani ya porini yaote humo, na watu wakiyaona wamwinulie Mungu mioyo. Tulipolisikia hilo parokiani tulitazamana. Mtakatifu yule hakuwa na haja ya makopo wala ya mchanga. Aliacha nafasi tu. Sisi tumeharibu nafasi, ndiyo maana imetubidi kuanza na makopo.

Mwaka 2023, tarehe 2 Novemba, tulikwenda kaburini na tawi la majani mabichi, kwa maana bustanini palikuwa na ncha moja tu iliyochungulia udongoni, nyekundu kidogo. Tulimwambia mama kwamba ua lake bado linalala. Siku kumi na saba baadaye, Dominika asubuhi, mtoto mdogo wa nyumba alikuja mbio kutuamsha. Chini ya mwembe, mahali pa majivu na kuku, ulikuwa umesimama mpira mwekundu mmoja, wenye matone ya mvua. Tulisimama pale bila kusema neno mpaka kengele ya Misa ya kwanza ilipolia.

Ua lile hatukulikata. Tuliliacha lizae. Mwaka 2024 yalitoka matatu, nayo yaliwahi. Moja tulilipeleka kwa mama na baba, tukaliondoa lile la plastiki ambalo lilikuwa limepauka likawa jeupe. Mawili tuliyaacha. Baba Katekista alikuja kuyaona akitembea kwa fimbo. Aliinama, akayatazama kwa muda mrefu, tukadhani atatusifu. Akasema: “Sasa mna deni.”

Tulielewa. Mwezi wa Machi mwaka 2025 tulichuma matunda. Mbegu nyingine tuliwagawia watu wa jumuiya yetu, kila nyumba mbegu tano, pamoja na maagizo mawili: kivuli cha asubuhi yenye jua, na kutomwagilia kiangazi. Zilizobaki tulizirudisha kwenye kile kichuguu cha barabara ya Kambove. Miti ya juu yake ilikuwa imepungua, lakini mitatu ilikuwa bado imesimama, na visiki vya pembeni vimetoa matawi yafikayo kifuani mwa mtu. Tulizikandamiza mbegu katika majani yaliyooza, nusu izame, nusu ionekane, kama tulivyofundishwa.

Ndugu msomaji, bila shaka nawe unapo mahali nyuma ya nyumba ambapo nyanya hazizai: chini ya mparachichi, nyuma ya jiko, kando ya ukuta wa kanisa. Usipalaani. Chomeka vijiti, hesabu saa za jua. Kisha nenda porini mvua zinapokaribia kwisha, bila jembe, ukatazame ni nani anayekaa katika kivuli kama hicho. Mwulize amezoea kulala wapi. Chukua mbegu chache, acha nyingi.

Na ukilipata ua la baba yenu, ungoje miaka yake. Wanaokucheka leo watakuja kukuomba mbegu.